Naenda Kongwa kukusanya data za uhifadhi wa mahindi, nianzie wapi wakuu?

kijana_wa_masta

Wakuu habari za mchana, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada hasa kwa mliopita hii njia maana nimekwama. Niko mwaka wa pili masta ya uchumi kilimo, propozali imepita wiki iliyopita, mada yangu ni wakulima wadogo wa mahindi wilaya ya Kongwa wanahifadhije mavuno, wanapoteza kiasi gani ghalani, na kama ile mifuko ya PICS isiyopitisha hewa inawasaidia kweli au ni maneno tu ya kwenye semina.

Sasa supavaiza kaniambia "nenda kakusanye data" akaondoka zake safari. Nina dodoso la kurasa 11 ambalo nimelichanganya kutoka kwenye tasnifu za watu, nina vijiji vitatu vyenye kaya 1200 kwa jumla, nimeweka kwenye fomula ya Yamane, ile ya kutafuta idadi ya watu wa kuhoji, imenipa 300. Hela niliyonayo haifiki kabisa watu 300. Rafiki yangu ananiambia niachane na mambo ya vumbi, nitengeneze Google Forms nirushe kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima, siku tatu namaliza. Mpango wangu niondoke mwezi wa saba. Naombeni muongozo, hata kama ni kunichana nichaneni tu.

Mzee wa Fildi

Marahaba kijana. Kwanza hilo dodoso la kurasa 11 liweke pembeni, chukua karatasi nyeupe uchore majedwali ya chapta ya nne, ile ya matokeo. Ndiyo, chapta ya nne kabla hujaenda popote. Jedwali la kwanza litaonesha nini, la pili linalinganisha nani na nani, safu za kulala ni zipi, za kusimama ni zipi. Ukishamaliza rudi kwenye dodoso, kila swali lioneshe linaingia jedwali lipi. Lisilo na jedwali futa bila huruma. Vijana wengi mnauliza dini, kabila, idadi ya ng'ombe, aina ya bati la nyumba, kwa sababu tu kuna mtu aliuliza 2009, halafu lile jambo moja lililokupeleka kule unakuta limeulizwa kwa sentensi moja ukurasa wa tisa, wakati mama wa watu ameshachoka anaangalia mboga jikoni isiungue.

Pia angalia jinsi ulivyouliza. Swali kama "je unakubaliana kwamba mifuko ya PICS ni bora kuliko magunia ya kawaida" hilo siyo swali, hiyo ni kampeni. Mtu wa kijijini ni mstaarabu, umetoka mbali, atakubali. Muulize msimu uliopita alihifadhi kwenye nini, vipi, na kwa nini alichagua hicho. Na usibane maswali mawili ndani ya moja, "ulipata mafunzo na mifuko?", akisema ndiyo utajuaje ni kipi alipata.

Barua: chukua ya utambulisho chuoni, ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Dodoma, yeye akuandikie kwa Katibu Tawala wa Wilaya, halafu halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho kabisa mwenyekiti wa kitongoji ambaye ndiye mtu wa muhimu kuliko wote hao. Usiruke ngazi ukidhani unaokoa muda. Beba nakala za kutosha maana kila ofisi inabaki na yake. Utafiti wako siyo wa afya ya binadamu kwa hiyo mambo ya kibali cha NIMR, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hayakuhusu, ila ukiingiza kuchukua damu au mkojo wa watu hapo ni habari nyingine kabisa, utasubiri sana.

shikamoo_pesa

Dogo usijisumbue. Hoji watu 60 zingine malizia mwenyewe hotelini na soda baridi pembeni, SPSS, ile programu ya takwimu, haijui umezitoa wapi 😂😂

Dada Takwimu

@shikamoo_pesa acha kumpoteza mwenzio bana. SPSS kweli haijui ila mtu mwenye jicho anajua. Data halisi ya vijijini kwetu ina fujo yake, kwa mfano umri, watu wengi sana watakuambia 40, 45, 50, 60, kwa sababu mtu anakadiria, namba zinazoishia na sifuri na tano zinajaa kupita kiasi. Aliyepika data anatawanya umri vizuri kabisa kama mbegu kwenye mstari, halafu majibu ya familia kubwa na familia ndogo yanafanana, hakuna hata mmoja aliyesema sijui. Mtahini wa nje akiuliza maswali mawili matatu unatoka jasho.

Haya @kijana_wa_masta turudi kwako. Yamane uliyoitumia ni 1200 gawanya kwa 1 jumlisha 1200 mara 0.05 kipeo cha pili, yaani 1200 kwa 4, ndo 300 yako. Ukiruhusu kosa la 10% badala ya 5% inakuwa 1200 kwa 13, kama kaya 93 hivi. Kwa hiyo ile 300 siyo amri ya Mungu, ni wewe uliyechagua uhakika wa kiwango gani, na ukichagua 93 useme wazi kwenye ripoti kwamba asilimia zako zina kosa la kumi juu au chini. Watu wanaichukulia 300 au ile 384 ya fomula ya Cochran kama namba za bahati, hawajui hata 384 inatoka wapi. Inatoka kwenye 1.96 kipeo cha pili mara 0.5 mara 0.5 gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili, na hiyo 0.5 ni kwa sababu hujui chochote kuhusu jibu ndo maana unaweka hali mbaya kuliko zote.

Lakini tatizo lako mimi naliona liko kwingine. Unataka kulinganisha wanaotumia PICS na wasiotumia si ndiyo? Tuseme, nasema tuseme tu, watumiaji ni kumi katika kila mia. Kwenye kaya 93 utapata watumiaji 9. Utalinganisha nini na watu tisa? Hata kwenye 300 ni 30 tu. Kwa hali hiyo ni afadhali upitie kwanza daftari na mwenyekiti wa kitongoji mtenge kaya mafungu mawili, watumiaji na wasiotumia, halafu uchague kwa bahati nasibu ndani ya kila fungu, mfano 60 kwa 60. Ila hapo ukitaka kusema "asilimia fulani ya kaya za Kongwa wanatumia PICS" huwezi tena kutoa moja kwa moja, maana umewaongeza watumiaji makusudi, inabidi upige hesabu upya kwa kufuata uwiano wao halisi kijijini. Na ukisema Kongwa wakati una vijiji vitatu ulivyochagua kwa sababu viko karibu na barabara ya lami, hiyo nayo siyo Kongwa, ni vijiji vitatu vya barabarani. Mkulima wa karibu na soko la Kibaigwa anauza haraka, na wa ndani ndani anakaa na mahindi muda mrefu, yaani kitu kilekile unachopima kinabadilika na umbali.

Kuhusu Google Forms, kiukweli inategemea unamtafuta nani. Ukiwa unatafiti wanafunzi wa chuo chako sawa kabisa. Ila grupu la WhatsApp la wakulima utakuta humo wapo maafisa ugani, wauza pembejeo, mtu yuko Mbezi Beach analima kwa simu. Na wingi hausaidii. Marekani mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon, mpinzani wa Rais Roosevelt, anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyoyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi ambacho nchi iko kwenye hali ngumu ya uchumi, na tena walioamua kurudisha karatasi ni wale wenye hasira na serikali zaidi. Milioni mbili hizo. Wewe utapata watu 140 wa grupu.

kijana_wa_masta

Dada Takwimu asante sana hilo la watumiaji 9 sikuwahi kuliwaza hata kidogo, nimekaa naliangalia tu. Mzee wa Fildi nimeanza kuchora majedwali, maswali yamebaki nusu. Swali lingine, kwenye dodoso nimeuliza "msimu uliopita ulivuna kilo ngapi" na "ulipoteza asilimia ngapi ghalani", hapo niko sawa?

Mgogo Halisi

Mbukwenyi. Nimesoma kimya toka juu ila hapo kwenye asilimia nimeshindwa kuvumilia. Nimefanya kazi ya ugani kanda hii miaka mingi nimestaafu, na mimi mwenyewe nalima, kwa hiyo nisikilize vizuri kijana wangu.

Kilo hakuna anayezijua. Mkulima anajua debe, gunia na mkokoteni. Muulize kwa kipimo chake halafu wewe ndo ugeuze. Na gunia lenyewe uliza ni gunia gani, limefungwa kawaida au lumbesa, mahindi yamepukuchuliwa au bado yako kwenye magunzi, maana gunia la magunzi ukilipukuchua linashuka sana. Tembea na mzani wa kuning'iniza, pima magunia kadhaa na madebe kadhaa pale pale kijijini upate wastani wa kijiji hicho. Usichukue kile cha kwenye vitabu kwamba gunia ni kilo 100 ukamaliza.

Asilimia ndo usiulize kabisa. Mkulima akifungua gunia akaona punje nyingi zina matundu na unga unamwagika atakuambia "robo yote imeliwa" na hajakudanganya, ndivyo macho yanavyoona. Sasa wewe chota sampuli juu, katikati na chini ya gunia, changanya, hesabu punje 500. Tenga nzima na zilizotobolewa, pima kila fungu. Tuchukulie nzima ziko 400 zina gramu 140, zilizotobolewa 100 zina gramu 25. Punje nzima moja ni gramu 0.35, iliyotobolewa ni 0.25. Zingekuwa zote nzima 500 zingepima gramu 175, sasa hivi ziko 165, umepoteza gramu 10, ambayo ni kama 5.7%. Umeona? Punje zilizoharibika ni 20% ila uzito uliopotea hata 6 haufiki. Ukiandika 20 au ile robo ya mkulima umeongeza hasara mara tatu, mara nne. Hizo namba ndo zinazofika mpaka kwenye hotuba. Unahitaji mzani mdogo wa gramu, ule wa betri, siyo ghali, na uvumilivu wa kuhesabu.

Kuna lingine watu hawaliangalii. Ukipima mwezi wa kumi na moja ukakuta hasara 10%, hiyo ni ya mahindi yaliyobaki, siyo ya mavuno. Mtu alivuna magunia 10, saba aliyala na kuyauza kabla wadudu hawajachachamaa, yamebaki matatu. Kumi katika mia ya matatu ni sehemu 3 tu katika mia ya mavuno yote. Kwa hiyo lazima uulize mahindi yalitoka lini na lini, mwezi kwa mwezi, debe kwa debe.

Na hapo ndo linakuja suala la lini uende. Mwezi wa saba huku tumetoka kuvuna, mahindi ndo kwanza yanaingia ndani, wadudu hawajaanza kazi, utaandika kwamba Kongwa hakuna tatizo lolote na PICS haina faida. Mdudu anayetutesa ni dumuzi, yule aliyetokea kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80 akitokea huko Amerika ya Kati, yeye anahitaji miezi. Kama hela ni ya safari moja nenda mwezi wa kumi mwishoni au wa kumi na moja mwanzoni, kabla mvua hazijaanza, maana zikianza kila mtu yuko shamba alfajiri na humkuti nyumbani. Ukipata hela ya safari mbili, nenda wa saba andika walichovuna wakiwa bado wanakumbuka, rudi wa kumi na moja kaya zilezile. Hiyo ndo nzuri kabisa.

Halafu kaya. Utafika kwa mzee ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na ghala lake na jiko lake. Wewe unahesabu moja au mbili? Amua kabla hujaondoka chuoni na uandike. Mimi ningesema wanaopika pamoja na kula pamoja ni kaya moja, kwa hiyo huyo mzee ana mbili. Na mwenye habari za ghala mara nyingi ni mama. Baba atakutajia magunia yaliyoingia kwa sauti kubwa, ukimuuliza yamebaki madebe mangapi anaita "mama fulani njoo hapa".

Mzee wa Fildi

Huyo hapo juu amemaliza chapta ya tatu yote, ile ya mbinu za utafiti. Naongeza la uongo wa nia njema. Mgeni mwenye karatasi akiuliza mavuno, mmoja anafikiri ni ushuru wa mazao anapunguza, mwingine anafikiri kuna mahindi ya msaada yanakuja anapunguza zaidi. Na kuna yule anayeona aibu mbele ya mtendaji anaongeza. Kwa hiyo mtendaji akutambulishe kwenye mkutano au kwa simu, kisha abaki ofisini kwake, usizunguke naye nyumba kwa nyumba. Jieleze kwamba wewe ni mwanafunzi, hakuna msaada unaokuja, hakuna kodi, anaweza kukataa na anaweza kuacha katikati. Ile fomu ya ridhaa usilazimishe saini, watu wetu saini wanaihusisha na kuuza shamba, omba kamati ya maadili ya chuo wakukubalie ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi.

Karani wa 2022

Mimi nilikuwa karani kwenye sensa ya 2022 ile ya vishikwambi, na baada ya hapo nimekuwa enumereta, yaani mkusanya data, kwenye tafiti za watu, naongelea upande wa mavumbi.

Tumia KoboToolbox, ni programu ya kujazia dodoso kwenye simu, ni bure kwa kiwango chako, unaweka kwenye simu ya Android ya kawaida, unajaza bila mtandao ukifika penye netiweki inapanda yenyewe ukishaituma. Faida yake kubwa ni maswali kujiruka, mtu akisema hana mifuko ya PICS yale maswali saba ya PICS hayatokei kabisa, na unaweka mipaka, mfano mtu hawezi kuandika madebe 4000. Beba pawabanki na dodoso chache za karatasi, maana simu itakufa tu siku moja. Na muda usimwache mtu aandike kwa mkono, mmoja ataandika saa 2 akimaanisha asubuhi kwa Kiswahili mwingine ataandika 8, ukija kuchanganua unakuta watu wanahojiwa usiku wa manane. Simu ijirekodi yenyewe mwanzo na mwisho wa mahojiano.

Kama utachukua wasaidizi, walipe kwa siku, usiwalipe kwa dodoso. Ukilipa kwa dodoso unamtengenezea kazi ya kukaa chini ya mbuyu. Siku mbili za mafunzo, wahojiane wenyewe kwa wenyewe, siku ya tatu majaribio kwenye kijiji kingine kinachofanana ambacho hakimo kwenye sampuli yako. Pale ndo unagundua swali lipi halieleweki na kama wazee watajibu kwa Kigogo ukahitaji msaidizi anayekijua, siyo kutafsiri kila mtu kivyake pale pale. Mahojiano yakizidi dakika 45 kata tena.

Kila jioni kaeni mkague za siku hiyo. Siyo baada ya wiki. Jioni hiyo hiyo unaweza kurudi kesho yake ukamuuliza mama "ulisema madebe mawili au ishirini", ukishapanda basi la Dar imeisha. Na usimruhusu msaidizi abadilishe nyumba kwa sababu mwenyewe hayupo. Rudini mara mbili mara tatu kwa saa tofauti, maana wasiokuwepo nyumbani ndo haohao wanaofanya biashara ya mahindi, ukiwaruka wote unabaki na wazee na wagonjwa.

Majina na namba za simu weka kwenye faili la peke yake, dodoso libaki na namba tu kama KG2-041. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, inafanya kazi toka Mei 2023, siyo mambo ya kutuma Excel yenye majina ya watu kwenye grupu la darasa.

Dada Takwimu

Hapo kwa karani nakazia daftari la kijiji. Likague kwanza na wenyeviti wa vitongoji kabla hujachagua hata jina moja. Utakuta waliohama, waliofariki, na vijana waliooa juzi hawamo kabisa. Ukishalisafisha ndo upige bahati nasibu, hata kwa kikokotoo cha simu.

shikamoo_pesa

Mmemjaza dogo mpaka ataacha shule 😂 ila hilo la punje 500 nimelipenda, kumbe robo ni sita

kijana_wa_masta

Sijaacha mkuu, nipo 😂. Nimesogeza safari mpaka mwezi wa kumi mwishoni na nimempigia supavaiza amekubali, kasema hata yeye mwezi wa saba ulikuwa unamtia wasiwasi (sijui kwa nini hakusema). Nachukua 60 kwa 60 wasaidizi wawili. Mzee Mgogo swali la mwisho, niwape nini watu wa kaya? Wengine wanasema soda, wengine elfu mbili mbili, na mahindi nitakayochota nayarudishaje?

Mgogo Halisi

Pesa mkononi usianze nayo, kitongoji cha kwanza utalipa, cha pili watakuwa wameshasikia, watakusubiri barabarani na watu ambao hata hawamo kwenye orodha yako. Kipande cha sabuni ya kufulia au pakiti ya chumvi, kwa wote sawa, unampa ukishamaliza siyo kabla, na usikitaje kwenye mkutano. Mahindi unahesabu pale pale kibarazani yeye akiona, unayarudisha kwenye gunia lake. Usiondoke na punje hata moja bila kumwambia, hasa huku kwetu, maana tangu ile sumukuvu, sumu ya ukungu wa kwenye nafaka, ya 2016 iliyoua watu Dodoma na Manyara mtu akiona mgeni anabeba mahindi yake kwenye mfuko anajua kuna jambo. Na kama una nia ya kupima sumukuvu pia, hiyo haionekani kwa macho, inataka maabara na bajeti yake, iache kwa sasa. Kamba ya kufungia mifuko beba, maana ukifungua PICS ya mtu ukaifunga vibaya hewa ikaingia umemharibia mahindi.

kijana_wa_masta

Nimeandika kamba mbele kabisa ya orodha. Asanteni sana wakuu, barua ya mkoa naipeleka Jumatatu.